Ihefu ikipewa hadhi ya kimataifa, sisi wa Mbarali tutabaki wapi?

SWALI

Kamwene, mtaalamu. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye mmoja wa mito inayoingia Usangu, wilaya ya Mbarali. Katika mkutano wetu wa mwisho mjumbe mmoja alisema Bonde la Kilombero tayari ni ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na kwamba kinamasi chetu cha Ihefu nacho kingefaa kuombewa hadhi hiyo. Kikao kikagawanyika. Wafugaji wanasema hiyo ni njia nyingine ya kuwaondoa, wenye mpunga wanaogopa kunyang'anywa maji, na wenzetu wa milimani wanasema jambo hili haliwahusu. Hadhi hiyo ina nguvu gani? Na sisi wa juu, wa kati na wa chini tuanzie wapi kuitunza ardhi hii pamoja?

JIBU

Kamwene, ndugu katibu. Nianze na hofu, maana isipoondoka hakuna mtakachokubaliana.

Hadhi aliyoitaja mjumbe wenu inatokana na Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971. Tanzania ilijiunga mwaka 2000 na sasa ina maeneo manne katika orodha: Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron, Bonde la Kilombero lililoingia mwaka 2002 likiwa na hekta 796,735, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Ihefu haimo. Mkataba huo hauna askari wala mahakama, na hauhamishi umiliki wa ardhi hata robo eka. Nchi inaahidi mambo matatu makubwa: kutunza hali ya kiikolojia ya maeneo iliyoyaorodhesha, kuzitumia kwa busara ardhioevu zake zote hata zisizo kwenye orodha, na kushirikiana na nchi nyingine pale maji au viumbe wanapovuka mipaka. Eneo likiharibika, nchi inatakiwa kutoa taarifa kwa sekretarieti iliyoko Gland, Uswisi, na inaweza kuomba wataalamu waje kushauri. Kilombero walifika mwaka 2016. Tena mwaka 1999, katika mkutano wa San José, Costa Rica, nchi wanachama zilipitisha miongozo ya kuwashirikisha wenyeji katika usimamizi. Mkiwa mezani na ofisa yeyote mna haki ya kumkumbusha miongozo hiyo.

Kinachomwondoa mtu mahali ni sheria za ndani ya nchi. Wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 waliondolewa kwa maamuzi ya ndani, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ndani ya hifadhi ya taifa huwezi kuishi, kulima wala kuchunga, iwe na jina la Ramsar au isiwe nalo. Kwa hiyo swali la kuishi kwenu linajibiwa na ramani ya mipaka inayotumika sasa kwa mujibu wa tangazo la serikali. Iombeni wilayani, ibandikeni ofisi ya kijiji, kila mtu aone shamba lake liko upande gani. Na kumbukeni kilichofuata baada ya 2007: baadhi ya makundi ya ng'ombe yalishuka mpaka Kilombero, ambako tayari palikuwa eneo la Ramsar. Mzigo uliotuliwa kwenye ardhioevu moja ulitwikwa nyingine. Ndiyo maana nasisitiza mapatano kuliko kufukuzana.

Kwa wenzenu wa milimani wanaosema haliwahusu, waelezeni hivi. Mto Ndembera unashuka kutoka Mufindi kuja Ihefu. Upande wa pili wa milima hiyo hiyo, Kihansi na Mnyera zinashukia Kilombero, na Ruhudji inatoka Njombe kwenda huko huko. Mtu mwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni ya kiangazi, Mufindi leo, bila kujaza fomu yoyote, ameshika koo la ardhioevu ya kimataifa. Na Kilombero peke yake ndiyo inayoupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwa sababu msipoelewa Ihefu inavyofanya kazi mtagombana bure. Ihefu ni kama karai lenye mdomo upande mmoja. Mdomo huo ni kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, Ruaha Mkuu inatiririka kupita hifadhini hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa kidole, mto unakatika, ingawa ndani ya kinamasi bado kuna maji tele. Tangu kiangazi cha 1993 mto huo umekuwa ukikauka sehemu ya hifadhi karibu kila mwaka.

Kwa nini punguzo dogo la maji yanayoingia linaukata mto mzima? Kwa sababu jua linachukua fungu lake kwanza. Chukua kinamasi cha hekta 10,000. Kikipoteza milimita 5 kwa siku kwa mvuke wa maji na majani, hizo ni mita za ujazo 500,000 kila siku, sawa na karibu mita za ujazo 5.8 kwa sekunde. Mito ikiingiza 6, kinachobaki cha kupita kwenye mwamba ni kiduchu. Ikiingiza 5, hakipiti kitu. Utafiti uliofanyika katikati ya miaka ya 2000 ulikadiria kwamba ili mita ya ujazo 0.5 tu kwa sekunde itoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, lazima ziingie takriban 7, na hizo zilikuwa kama mara mbili ya zilizokuwa zikiingia wakati huo. Basi msiahidiane kuirudisha Ruaha kwa mwaka mmoja kwa kufunga mfereji mmoja. Kila lita 100 kwa sekunde mtakayoirudisha mtoni kati ya Agosti na Novemba ina thamani kuliko lita 1,000 za Machi, na hapo ndipo nguvu zenu zielekezwe.

Anzeni kwa kupima. Jumuiya isiyopima hugawana maneno. Hamhitaji mashine. Tafuta sehemu ya mfereji iliyonyooka, isiyo na majani, yenye urefu wa mita 20. Pima upana, kisha pima kina mahali patano kuvuka mfereji na utafute wastani. Dondosha chungwa au kipande cha mti mkavu juu kidogo ya alama ya kwanza, hesabu sekunde mpaka alama ya pili, rudia mara tano. Mfano: upana mita 2, kina cha wastani mita 0.4, eneo ni mita za mraba 0.8. Chungwa limetumia sekunde 40, mwendo ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.8 upate 0.4. Kisha 0.8 mara 0.4 ni 0.32, yaani lita 320 kwa sekunde. Wengi hukosea hapo pa kupunguza, wakajitangazia maji ambayo hawana. Wengine hupima siku yenye upepo mkali, chungwa likasukumwa. Pimeni asubuhi.

Pimeni pande mbili: maji yanayoingia mfereji mkuu, na yanayobaki mtoni chini ya banio, yaani ukuta unaoyaelekeza maji ya mto kwenye mfereji. Namba ya pili ndiyo haki ya Ihefu, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuiandika. Halafu fungueni kibali chenu cha maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, mlinganishe. Tatizo la kawaida ni kibali kutaja kiasi kimoja cha lita kwa sekunde, nanyi mkakisoma kana kwamba ni chenu Machi na Oktoba vilevile. Oktoba mto mzima unaweza kuwa mdogo kuliko kibali hicho. Iombeni bodi itenganishe kiasi cha masika na cha kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba kuna maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya binadamu na mazingira kabla ya mgawo mwingine, kwa hiyo mtakuwa mnaomba kitu kilicho ndani ya sheria.

Banio lina habari yake, na ni habari inayouma kwa sababu lilijengwa kwa nia njema. Mabanio ya zamani ya magogo, mawe na majani yalikuwa yanavuja. Kila masika yalisombwa, mkajenga upya kwa jasho, lakini kiangazi mto ulikuwa na njia ya kupenya. Yalipokuja ya zege kazi ya kujenga kila mwaka ikaisha, na pamoja nayo ukaisha uvujaji. Banio la zege lenye milango mizuri linaweza kuuchukua mto wote wa Septemba bila tone kubaki. Dawa yake ni pengo la kudumu kwenye ukuta wa banio, lisilo na mlango wala kufuli. Pengo la upana wa mita 1, maji yakipita juu yake kwa kina cha sentimita 20, hupitisha takriban lita 160 kwa sekunde. Kina kikishuka hadi sentimita 10, linapitisha chini ya lita 60. Yaani mto ukipungua, nalo linapunguza lenyewe bila mtu kugombana na mgawa maji. Sharti ni moja: sakafu ya pengo iwe chini ya sakafu ya lango la mfereji, la sivyo mfereji unakunywa kwanza na pengo linabaki pambo. Msilikate wenyewe kwa nyundo. Mhandisi wa umwagiliaji na ofisa wa bodi ya bonde waweke vipimo na sahihi, maana ukuta uliokatwa ovyo huenda na mafuriko ya kwanza.

Baada ya banio, kalenda. Vita ya maji Usangu haiko Februari, iko mwanzoni mwa msimu, pale mtu wa juu anapotaka kuloweka kitalu Oktoba kabla mvua haijashuka ili awahi soko. Kuloweka na kuvuruga jaruba (kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta) kabla ya kupanda hula kati ya mita za ujazo 1,500 na 2,500 kwa hekta, na mnazichota mto ukiwa mwembamba kuliko wakati wote wa mwaka. Pangeni tarehe moja ya kufungua maji kwa mfereji wote, ifuatane na mvua. Atakayetaka kuwahi aoteshe miche kwenye kitalu cha pamoja karibu na kichwa cha mfereji, ili maji yasisafiri kilomita nne kwa ajili ya vitalu vitatu vilivyotawanyika.

Kilimo shadidi kinasaidia sana hapa. Miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na maji ya kupishana badala ya jaruba kujaa wakati wote. Chukua bomba la plastiki la sentimita 30, toboa matundu nusu ya chini, lizike hadi katikati, toa udongo wa ndani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya usawa wa shamba, fungulia mpaka yafike sentimita 5 juu, kisha acha tena. Wiki moja kabla ya mpunga kutoa maua hadi wiki moja baada, usikaushe kabisa, baki na sentimita 5. Nawaambia mapema panapokwamisha: magugu. Maji yanayosimama ndiyo yaliyokuwa yanayazuia, kwa hiyo bila palizi ya mapema, ikiwezekana kwa kipalizi cha kusukuma, mkulima ataona hasara msimu wa kwanza na atarudi kwenye mazoea. Na jaruba lisilosawazishwa haliwezi kabisa: upande mmoja unazama, mwingine unapasuka.

Mpunga ukishavunwa, mfereji ufungwe. Najua jibu litakalotolewa: vitongoji vinakunywa humo. Ni kweli, na ndiyo sababu mifereji mingi hutiririka Julai hadi Novemba ikiwa haina shamba. Lakini fanyeni hesabu. Kitongoji cha watu 2,000, kila mtu lita 40, ni lita 80,000 kwa siku. Mfereji wa lita 50 kwa sekunde unapitisha lita milioni 4.3 kwa siku ili kuwafikishia hao, na nyingi zinaishia mchangani. Visima vya pampu vinaurudishia mto maji hayo, na watu wanakunywa salama zaidi. Visima vichimbwe kwanza, mfereji ufungwe baadaye. Mkiugeuza mpangilio huo, kufuli itavunjwa usiku wa kwanza, na aliyeivunja atakuwa na mtoto mwenye kiu nyumbani.

Wafugaji nao tuwatendee haki kwa namba. Ng'ombe wa kilo 250 hunywa kama lita 25 kwa siku. Ng'ombe 10,000 ni lita 250,000, ambazo ni lita 3 tu kwa sekunde. Uvujaji wa lango moja la mfereji unaweza kuzidi hizo. Madhara ya mifugo hayako kwenye kunywa, yako kwenye miguu: ukingo unavunjika, udongo unaingia mtoni, majani ya kinamasi yanakanyagwa yakiwa machanga. Kwa hiyo wapewe mbauti za kunyweshea mbali na ukingo, na njia za mifugo zenye alama zilizoingizwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Njia isiyo kwenye ramani italimwa ndani ya misimu miwili, kisha ng'ombe ataingia kwenye mpunga na tutarudi kwenye fimbo na mapanga. Wafugaji wawe wanachama kamili wa jumuiya, wenye kura. Kuwaita wageni waalikwa ni kuwafundisha kwamba maamuzi si yao.

Milimani kuna mambo mawili ya haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Lakini vinyungu ni mboga na ada ya shule ya familia nyingi za Iringa na Njombe wakati wa kiangazi, na kufyeka vinyungu vyote kwa amri kumezaa kulima kwa kujificha, ambako ni kubaya zaidi. Njia inayoshikika ni kugawa bonde. Jicho la maji na eneo linalolizunguka visiguswe kabisa. Chini yake, mitaro ya kinyungu isichimbwe kwa kina cha kulikausha bonde zima, na mwisho wa mtaro uzibwe baada ya mavuno ili maji yasikimbie. La pili ni milingoti, yaani mikaratusi. Ikipandwa bondeni inakausha chemchemi, na wenye mashamba wanalijua hilo kwa macho yao. Ivunwe, visiki viuawe visichipue, na mahali pake ipandwe mizambarau ya mwituni, ambayo wengine huiita mivengi. Mkulima alipwe kwa mbao zake mwenyewe: apewe muda wa kuivuna ikiwa imekomaa.

Haya yote yanahitaji karatasi yenye meno. Itisheni kikao cha mto mzima, wajumbe sawa kutoka juu, kati na chini, pamoja na wavuvi, wafugaji, kinamama wanaolima mboga, ofisa wa bodi ya bonde, wa wilaya na wa hifadhi. Msikubaliane mambo ishirini. Matano yanatosha: tarehe ya kufungua mfereji, tarehe ya kuufunga, kiasi kisichoguswa chini ya kila banio, njia za mifugo, na mipaka ya vyanzo. Kila kijiji kiyapeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yapite kata, kisha halmashauri ya wilaya iyaidhinishe kama sheria ndogo. Hapo katikati ndipo mapatano mengi hufa. Muhtasari unakaa kwenye droo miezi minane, anakamatwa mtu, hakimu anauliza sheria iko wapi, kesi inafutwa, na jumuiya inadharauliwa. Mteueni mtu mmoja wa kulifuatilia faili hilo kila wiki, na nauli yake iwe kwenye bajeti. Faini iwe inayolipika. Faini kubwa kupita kiasi humalizikia kwenye rushwa.

Je, muombe hadhi ya Ramsar? Maombi hayapelekwi na jumuiya. Hupelekwa na serikali kupitia Wizara ya Maliasili na Utalii, ikijaza taarifa rasmi ya eneo pamoja na ramani ya mipaka na kuonyesha angalau kigezo kimoja kati ya tisa. Kwa mfano, eneo linalobeba mara kwa mara ndege wa majini 20,000 au zaidi linatimiza kigezo kimoja, na linalobeba asilimia 1 ya ndege wa aina fulani linatimiza kingine. Vipo pia vya samaki na vya aina adimu ya ardhioevu. Mchango wenu ni kumbukumbu: vipimo vya maji vya kila wiki, samaki wanaouzwa mnadani na kwa ukubwa gani, hesabu ya ndege ya Januari mkishirikiana na watu wa hifadhi.

Maoni yangu ni kwamba msianzie huko. Hadhi hiyo haileti maji wala fedha zenyewe. Inaleta macho ya nje, na macho hayo yanafaa yakikuta wenyeji wamejipanga tayari. Yakikuta ugomvi, yatawasikiliza wenye sauti kubwa, na mara chache huwa ni mwenye eka moja ya mpunga. Kuna mfano jirani wa mto unaolazimisha watu wakae pamoja: Songwe, kati ya Kyela na Malawi, ambao mafuriko yake huhamisha kingo na kuusumbua mpaka wenyewe. Tanzania na Malawi zimelazimika kuwa na chombo cha pamoja cha bonde hilo. Kwenu hakuna mpaka wa nchi, kuna mpaka wa aliye juu na aliye chini tu, na huo unazungumzika.

Kwa mwezi huu, ndugu katibu, nunueni daftari gumu, choreni rula ya sentimita kwa rangi isiyofutika kwenye ukuta wa banio, upande wa mtoni na upande wa mfereji, na mchague wasomaji wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, wasome pamoja kila Jumatatu saa mbili asubuhi na kutia sahihi zote mbili. Mkifika Novemba mtakuwa na kurasa za kupeleka kwenye kikao cha mto mzima.